Geji ya mafuta inayodanganya kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye magari ya miaka ya 1980 na 1990 ambayo bado yanatubeba kila siku hapa Uganda: Corolla, Corona, Carina, Hiace za taksi, Land Cruiser za mashambani. Sheria ya 2018 ilikataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yaliyokwisha kuingia hayajaacha kutembea, na geji zake zimechoka. Maswali haya huniijia kutoka kwa madereva wenzangu wa njia ya Arua hadi Kampala. Mimi si mwalimu wa ufundi. Nimejifunza kwa kufungua magari yangu mwenyewe.

Gari linatembea vizuri. Kwa nini nijisumbue na mshale?

Nilisema hivyohivyo. Corona yangu ilikuwa ikionyesha robo tangi nilipovuka daraja la Karuma saa mbili usiku kuelekea Pakwach. Pale barabara inapakana na mbuga ya Murchison, nyumba ni chache na vituo vya mafuta ni vichache zaidi. Gari likakohoa mara tatu, likazima. Mshale ulikuwa bado kwenye robo. Nilikuwa na mke wangu na watoto wawili. Mzee mmoja dereva wa lori alisimama, akaniambia, "Mwanangu, funga milango, kaa ndani na watoto," kisha akatupakulia lita 5 kutoka kwenye jerikeni yake na akakataa malipo.

Kabla ya safari ile nilikuwa nimelipa kubadilishiwa dashibodi nzima kwa sababu ya mshale uleule. Ubovu haukuwa kwenye dashibodi. Nitaeleza mbele ulikuwa wapi.

Sababu ya pili ni pampu. Magari ya injeksheni yana pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Anayeendesha kwa kubahatisha, tangi likiwa karibu tupu kila siku, anaichemsha pampu hiyo hadi ife. Geji mbovu huua pampu polepole, na mwenye gari hulaumu mafuta.

Geji inafanyaje kazi?

Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya mafuta. Boya limeshikwa na mkono mwembamba wa chuma, na mkono ukipanda au kushuka unasugua kipande chenye ukinzani wa umeme, yaani kinachozuia umeme kupita kwa urahisi. Kitu hicho kizima ni senda, ingawa mafundi wengi hukiita floti. Waya mmoja unatoka kwenye senda hadi kwenye geji. Upande mwingine wa senda umefungwa kwenye bodi ya gari, nasi huuita athi. Umeme hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, geji, waya na senda, kisha hurudi kwa athi. Mshale hupanda au kushuka kulingana na kiasi cha umeme ambacho senda inaruhusu kupita.

Kwa hiyo kuna sehemu tano zinazoweza kuharibika: umeme unaoingia, geji, waya, senda na athi. Tatu za mwisho ziko nyuma, kwenye tangi, ambako kuna matope, maji na mawe. Anza huko nyuma. Ukichukua jambo moja tu katika ukurasa huu, chukua hilo.

Mshale umelala kwenye E (tupu) hata nikijaza tangi. Ni nini?

Kwenye Toyota nyingi za zamani, ukinzani mdogo maana yake ni tangi limejaa na ukinzani mkubwa maana yake ni tangi tupu. Basi umeme ukikatika popote kati ya geji na athi, mshale unalala E. Tafuta soketi iliyochomoka au kuota kutu juu ya tangi, waya uliotafunwa na panya, au athi iliyooza. Pia boya linaweza kutoboka, likanywa petroli na kuzama, na hapo umeme wote utakuwa mzima kabisa.

Kama mshale haulali kabisa, ila kila siku unasoma chini kidogo ya ukweli, shuku athi kwanza. Kutu huongeza ukinzani, na kwa geji ukinzani ulioongezeka ni sawa na mafuta yaliyopungua.

Mshale umeganda F (tangi limejaa), haushuki.

Waya wa senda umechubuka na unagusa bodi, au mkono wa boya umenasa juu. Chomoa soketi ya senda, kisha fungua swichi, yaani washa umeme kwa ufunguo bila kuwasha injini. Mshale ukishuka hadi E, waya ni mzima na ubovu uko ndani ya tangi. Ukibaki F, fuata waya chini ya zulia hadi uone unapogusa chuma.

Magari mengine yamepangwa kinyume. Magari mengi ya Kimarekani ya General Motors yana omu (kipimo cha ukinzani) 0 tangi likiwa tupu na 90 likiwa limejaa, kwa hiyo waya ukikatika mshale unapanda badala ya kulala. Jua gari lako limepangwa vipi kabla ya kuamini maelezo ya mtu, na maelezo yangu pia.

Mshale unarukaruka nikipita kwenye murram.

Kipande kinachosuguliwa kimelika. Gari lililozoea kutembea na robo tangi kwa miaka 20 limesugua sehemu ileile maelfu ya mara, ndiyo maana mshale mara nyingi huwa mtulivu juu ya nusu na kuchanganyikiwa chini yake. Athi iliyolegea nayo huleta kurukaruka, lakini hiyo haichagui: mshale utaruka hata tangi likiwa limejaa. Angalia unaruka wapi na utakuwa umekwisha kutenganisha mambo hayo mawili bila kufungua chochote.

Mshale kusogea kidogo kwenye kona au kwenye mlima si ubovu. Mafuta yamehama tu.

Geji ya mafuta na geji ya joto zimeharibika pamoja. Nina bahati mbaya mara mbili?

Hapana, hiyo ni kasoro moja. Ndiyo hali pekee ambapo nakushauri uanzie mbele. Angalia fyuzi ya dashibodi, kisha athi ya dashibodi yenyewe.

Magari ya zamani zaidi yana geji za kupasha joto: ndani yake kuna utepe wa metali mbili unaopinda umeme ukipita. Geji hizo zinahitaji umeme usioyumba, kwa hiyo kuna stabilaiza inayolisha zote mbili. Kwenye Land Rover za Series stabilaiza hiyo hutoa kama volti 10. Ikikwama na kuruhusu volti 12 zote, geji zote mbili zinasoma juu: unaona mafuta mengi usiyonayo na joto kubwa lisilokuwepo. Ikikata, zote zinalala. Nimewahi kuona mtu amebadilisha thamostati na redieta kwa sababu ya kipande hicho kidogo, na inaniuma kila nikikumbuka.

Nikizima gari mshale haushuki. Nitengeneze?

Usiguse. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina geji ambayo mshale wake hubaki ulipo swichi ikifungwa.

Nipime vipi bila kupoteza fedha?

Tafuta soketi ya senda. Kwenye gari la saluni kama Corolla AE100, inua kalio la siti ya nyuma na utaona kifuniko cha bati kilichofungwa kwa skrubu chache. Magari mengine yana kifuniko ndani ya buti. Kwenye Hiace na pikapu nyingi huenda ukalazimika kushusha tangi, au angalau kulilegeza. Hadi hapa tangi lenyewe halifunguliwi.

Funga swichi, chomoa soketi. Chukua balbu ndogo ya wati 3 hadi 5, ile ya taa ya namba inafaa, na uiunge nyaya mbili. Waya mmoja wa balbu ubane kwenye chuma safi cha bodi, mwingine kwenye waya mwembamba wa geji upande wa soketi unaotoka mbele. Hakikisha vimebana vizuri, ndipo umwambie mwenzako afungue swichi. Ukiunga swichi ikiwa wazi utaleta cheche karibu na tangi.

Balbu ikiwaka na mshale ukaanza kupanda kuelekea F, geji ni nzima, waya ni mzima, na fyuzi ni nzima. Umekwisha kuiondoa dashibodi kwenye mashaka. Ubovu ni senda au athi yake. Mshale usiposogea, ubovu uko kwenye waya au mbele, na hapo tu ndipo dashibodi inastahili kufunguliwa.

Mafundi wengi hugusisha waya moja kwa moja kwenye bodi bila balbu. Inafanya kazi, lakini geji ya kupasha joto inaweza kuungua ikiachwa hivyo. Tena, soketi ya gari la injeksheni ina nyaya kadhaa: wa geji, wa taa ya mafuta, wa athi, na ule mnene wa pampu. Ukikosea ukagusisha wa pampu, fyuzi inaweza kukatika. Kwa balbu, kosa hilo halikuharibii kitu.

Kisha pima athi. Rudisha soketi, chukua waya mwingine na uunganishe bamba la chuma la senda na chuma safi cha bodi, ukifunga swichi kwanza. Fungua swichi. Kama mshale umepanda mahali pake, umemaliza. Kwangua kutu pale waya wa athi unapofungwa kwenye bodi, badilisha kichwa chake, kaza, paka grisi juu yake. Hakuna spea ya kununua.

Fundi anasema tubadilishe dashibodi. Nimjibu nini?

Mwambie kwa heshima, "Fundi, kwanza tupime na balbu kule nyuma." Fundi mzuri atafurahi. Yule aliyeniuzia dashibodi alisema, "Bosi, hizi geji za zamani zimekufa zote." Nilimwamini kwa sababu sikujua kuwa kuna kipimo cha dakika 15.

Ubovu wako ulikuwa wapi basi?

Baada ya Karuma nilipima kwa balbu, na mshale ukapanda hadi F vizuri. Nikachomoa senda nikaipima mkononi: ikasoma vizuri kutoka juu hadi chini. Nikairudisha, mshale ukagoma tena kwenye robo. Ilinichukua siku nzima kufikiria kuingia chini ya gari. Jiwe la barabarani lilikuwa limepiga tangi likalibonyeza kwenda ndani, na boya lilikuwa linakalia ule uvimbe. Haliwezi kushuka zaidi, kwa hiyo geji ilikuwa inasema ukweli kuhusu boya na uongo kuhusu mafuta. Taa ya mafuta nayo ilikuwa imeungua siku nyingi bila mimi kujua.

Kwa hiyo senda ikifaulu nje ya tangi na kushindwa ndani, lala chini uangalie tangi. Kwenye barabara zetu za mawe sioni jambo hilo kuwa la ajabu. Mkono wa boya uliopinda wakati wa kuchomolewa nao huleta dalili ileile.

Nikifungua tangi, nijilinde vipi?

Hapa sitaki mtu asome haraka. Mvuke wa petroli unashika moto hata asubuhi ya baridi, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatiririka chini na kukusanyika kwenye shimo la garaji au chumba kilichofungwa. Fanya kazi nje, upepo ukipita. Ondoa kichwa cha betri cha upande wa hasi kabla ya kulegeza senda. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa la jirani, hakuna mtu anayechomelea geti hatua kumi kutoka hapo. Usimulike kwa kiberiti. Subiri hadi mafuta yawe chini ya robo ili yasimwagike ndani ya gari. Usivute petroli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaua. Watoto wasisogee.

Futa uchafu wote juu ya kifuniko kabla ya kufungua, la sivyo mchanga utaingia kwenye tangi. Na nunua gasiketi mpya, maana ile ya zamani ikishatolewa mara nyingi haizibi tena, na utanusa petroli ndani ya gari kila ukijaza.

Senda imetoka. Namba za omu ni ngapi?

Kwa Toyota nyingi za miaka hiyo: karibu omu 3 boya likiwa juu kabisa, karibu 32 likiwa katikati, karibu 110 likiwa chini. Tofauti ya omu chache si tatizo. La muhimu zaidi ni mwendo. Sogeza mkono polepole sana na utazame testa, yaani mita ya kupimia omu: namba zipande bila kuruka wala kupotea. Testa ya mshale inafaa kuliko ya namba kwa kazi hii, kwa sababu jicho linaona mara moja mshale ukishtuka.

Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani, limetoboka. Usijaribu kuliziba kwa risasi ya kuchomelea (solda) likiwa na petroli ndani. Ni kama kuchomea bomu dogo. Tafuta boya jingine.

Naweza kuisafisha badala ya kununua?

Mara nyingi ndiyo. Tumia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na kitambaa laini. Usitumie msasa, utamaliza kipande chenyewe. Kama ncha inayosugua imelegea, ipinde kidogo sana ili ikandamize vizuri. Kama kipande kimelika hadi nyuzi zimekatika, acha. Hakuna usafi utakaoirudisha.

Nikienda Kisekka, soko la spea la Kampala, kununua senda iliyotumika, niangalie nini?

Beba ya zamani mkononi. Beba testa pia, na upime mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela: juu, katikati, chini. Kisekka utaonyeshwa senda inayoingia kwenye tundu lilelile la tangi lakini ya gari jingine, yenye omu tofauti au mkono mrefu zaidi. Itafungika vizuri na itakudanganya vizuri. Senda nyingi za Ulaya, kwa mfano, zina kama omu 10 tangi tupu na 180 likijaa, yaani kinyume cha Toyota, na geji yako itaonyesha tangi limejaa siku unayoishiwa. Hata Toyota za baadaye zina namba tofauti na za zamani, kwa hiyo jina kwenye boneti halitoshi.

Kama gari lako lilibadilishiwa dashibodi au tangi na mwenye gari aliyepita, huenda geji na senda hazikuzaliwa pamoja. Hilo nalo lipime kabla ya kununua chochote.

Taa ya mafuta inawaka lakini mshale uko nusu. Niamini kipi?

Amini taa, kaweke mafuta. Taa ina kihisi chake kidogo kwenye senda: kikiwa ndani ya mafuta kinapozwa, kikibaki hewani kinapata joto na kuwasha taa. Hakitegemei boya wala ule ukinzani unaolika.

Land Cruiser ina matangi mawili, mshale unadanganya kwenye moja tu.

Umerahisishiwa kazi. Land Cruiser 78 nyingi zina matangi mawili ya lita 90, kila moja na senda yake, na swichi ya kuchagua. Kama tangi moja linasomeka sawasawa, geji ni nzima. Chunguza senda, athi na soketi ya lile linalodanganya, na swichi yenyewe.

Nitasafiri kesho na bado sijatengeneza. Nifanyeje?

Jaza tangi hadi juu na urudishe mita ya safari kwenye 0. Corolla AE100 ina tangi la lita 50. Ukijua gari lako linakwenda kilometa 10 kwa lita, hesabu kana kwamba linakwenda 8, na ujaze tena ukifika kilometa 300. Kampala hadi Gulu ni kama kilometa 330, kwa hiyo jaza Kafu au Kigumba, usisubiri kuvuka Karuma. Ukiwa na mzigo, au ukitumia eisi (kiyoyozi), punguza zaidi. Na usibebe petroli ndani ya gari kwenye chupa za maji. Plastiki ile si ya kazi hiyo, na mvuke wake utakuwa umefungiwa pamoja nawe.

Januari 2022, malori ya mafuta yalipokwama mpakani Malaba na Busia, wengi wetu tulijifunza kuhesabu hivi kwa lazima.

Naweza kupima kwa kuingiza kijiti?

Kwenye saluni, hapana. Bomba la kujazia limepinda, kijiti hakifiki, na kikikatika kinabaki ndani.

Gari langu ni dizeli na limekwisha kuishiwa njiani kwa sababu ya geji. Nimeweka mafuta, haliwaki.

Hewa imeingia kwenye mabomba. Usiendelee kuzungusha stata hadi betri ife. Kwenye Toyota nyingi za dizeli kuna pampu ya mkono juu ya filta: legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo, bonyeza hadi mafuta yatoke bila mapovu, kaza, kisha endelea kubonyeza hadi iwe ngumu. Washa sasa. Likishawaka, liache lingurume dakika chache, na ukifika nyumbani inua ile siti ya nyuma.